Watu Ishirini na Mmoja Walimpita Baba Yako

Prosper mwanangu,

Baba yako alikufa mwezi wa kumi na moja, ulipokuwa darasa la pili, siku ya mwisho ya safari ya siku nane, akiwa amebakiza mwendo wa saa moja kufika geti la Mweka. Nilimpita njiani akiwa hai. Swali lako la Jumapili jibu lake ni hilo. Ndiyo, nilimpita.

Uliniuliza umesimama mlangoni, umetoka Mwika kwa Bibi, begi liko begani, hata shikamoo hukunipa. "Mama, ulimpita?" Nami nikakwambia chakula kiko mezani. Tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama wapangaji. Kesho alfajiri unaondoka, na ukishuka mlimani unakwenda moja kwa moja Arusha kukaa nyumba ya kampuni. Siwezi kukuacha uende na jibu la chakula kiko mezani.

Mambo ya soksi na mafuta ya mgando siandiki. Yamo ndani ya begi, na umesomea kazi hii ya kuongoza wageni mpaka ukapata leseni. Naandika yale niliyokatazwa kuyasema, na mengine ambayo hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe.

Kwanza, kwa nini ba'mdogo wako Severini alikwambia. Ulimwambia mimi sitaki uende kazini chini yake. Naye akakujibu, kama ulivyonitupia pale mlangoni: "Mama yako alimpita mume wake amekaa njiani, leo ndiye atufundishe mlima?" Akasema hilo, akaishia hapo. Severini ana kipaji cha kuishia hapo.

Mimi naendelea alipoishia. Watu ishirini na mmoja walimpita baba yako asubuhi ile. Nimewahesabu mara nyingi kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu, na mimi ni mtu wa kuhesabu. Wagumu kumi na watano, yaani wapagazi wenzake, maana ndivyo tulivyojiita na ndivyo wanavyojiita hadi leo. Wageni watatu, vijana, wenye miguu ya mbuzi. Kiongozi msaidizi aliyekuwa nao. Severini, kiongozi mkuu wa msafara, mdogo wake wa tumbo moja. Hao ni ishirini. Wa ishirini na mmoja ni mimi, mpishi, mke wake.

Sikuandikii ili unihurumie kwamba nilikuwa wa mwisho katika hesabu. Naandika kwa sababu kati ya ishirini na mmoja, ni mmoja tu aliyewahi kuulizwa.

Unajua nilikuwa mpishi mlimani, lakini hujui nilivyofika huko. Nilianza na mizigo, miaka ambayo mwanamke akionekana na mzigo kichwani juu ya msitu watu wanasimama kumtazama. Baba yako ndiye aliyenifundisha kufunga. Alinifunga gunia la viazi kwenye kihamba cha Bibi, akaniambia nizunguke migomba mara kumi, akawa anatembea nyuma yangu anacheka na kunihadithia. Ulikuwa mdogo, sijui kama unaikumbuka sauti yake. Aloisi alikuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza saa, anaanza kukueleza jua lilivyochomoza. Mlimani walimpenda kwa hilo, kwa sababu pale pumzi zinapokatika na kila mtu ananyamaza, yeye bado anasimulia habari ya ng'ombe wa jirani aliyeingia kanisani. Likumbuke hilo la maneno, maana ndilo lililopaswa kunifungua macho.

Katika safari ile kikohozi kilimwanzia kambi ya Barafu. Kilikuwa kikavu mwanzoni. Jioni kikawa na maji. Alikuja jikoni kwangu, jikoni maana yake hema lenye majiko mawili na mimi, akakaa kwenye ndoo, akasema, "Felista, nipe kitu cha moto." Nikampa tangawizi. Nikamwekea mkono kifuani, nikasikia kitu kama karatasi inakunjwa ndani. Nilikisikia, Prosper. Sitakwambia sikukisikia.

Nikamwambia, "Twende kwa Severini akupime."

"Akinipima ataniteremsha."

"Si akuteremshe?"

"Nikiteremka mgonjwa, msimu huu nani ataniita tena? Wewe nawe! Mlima umeisha. Keshokutwa tuko nyumbani."

Nami nikakubali. Nilikubali kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mgumu aliyeteremshwa mgonjwa jina lake linaandikwa kwenye vichwa vya viongozi wote, na msimu unaofuata simu haiiti. Tulikuwa na wewe shuleni, tulikuwa na matofali ya nyumba yaliyoanza kuota majani. Nilipiga hesabu kichwani, kama kawaida yangu, na hesabu ikatoka sawa. Nikampa skafu yangu na kumwambia akohoe upande wa pili wa hema, Severini asisikie. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na hakuna mtu wa ukoo wenu aliyewahi kulijua, kwa hiyo hakuna aliyewahi kunilaumu kwa ajili yake. Nimejilaumu peke yangu. Kupita njiani kulikuja baadaye. Nilimpoteza pale kwenye ndoo, nikiwa na kikombe mkononi, kwa sababu nilipiga hesabu nzuri juu ya kitu ambacho si cha kupigiwa hesabu.

Wewe umejifunza darasani kwamba ugonjwa wa mwinuko dawa yake ni kushuka. Ni kweli. Lakini darasani hawakufundishi anavyoshuka mgumu. Anashuka na mzigo. Wageni walipotoka kileleni sisi tulikuwa tumeshavunja kambi na kuteremka nao mpaka kambi ya mwisho, ile ya msituni juu ya Mweka. Baba yako alishuka, kweli, na kikohozi kikapungua kidogo, nami nikafurahi. Ila mapafu yalikuwa tayari yana maji, na mvua ilitunyeshea njia nzima.

Asubuhi ya siku ya mwisho wewe utaiona wiki ijayo kwa macho yako, kwa hiyo nakueleza ninavyoijua. Kila mtu anaamka mwingine. Watu ambao siku saba walikuwa wanasaidiana kuvuka mawe, asubuhi ile hawaonani. Macho ya wageni yako kwenye bafu la maji ya moto. Macho ya wagumu yako kwenye gari, kwa sababu anayefika kwanza anapata nafasi ya kukaa. Macho ya kiongozi yako kwenye kitabu cha geti na msafara unaofuata. Unasikia neno moja kila upande: mlima umeisha, mlima umeisha. Wanaimba wanafunga mahema. Hata mimi niliimba.

Na kuna desturi, ambayo sijui ilianza na nani, lakini kila msafara niliopika ulikuwa nayo. Vifaa vya kampuni vinavyotakiwa na msafara unaofuata vinatangulizwa. Mtungi wa oksijeni, mfuko wa dawa, machela, mifuko ya kulalia iliyokauka. Vinafungwa vizuri, anapewa mgumu mwenye mbio, vinafika getini kabla ya kila mtu ili gari lisichelewe. Kwa nini vibaki nyuma? Mlima si umeisha?

Severini alivituma asubuhi hiyo. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilimfungia yule mgumu chapati njiani ale.

Halafu akagawa mizigo upya. Mgumu mmoja alikuwa ameteremshwa tangu juzi yake kwa sababu chakula kilikuwa kimepungua, na vitu vyake vikabaki vinaelea. Meza, viti, hema la choo. Vikaongezwa kwa watu, na hema hilo, lililolowa, likawekwa kwa baba yako. Nilimwona analitazama. Severini akamwambia, "Kaka, hili ni la kushuka tu, ni kama kubeba mto wa kulalia." Watu wakacheka. Baba yako naye akacheka, akakohoa, akalibeba. Akaondoka wa kwanza, ili asiachwe.

Mimi nilibaki kuosha sufuria. Wa nyuma kabisa alikuwa mama mmoja wa kizungu, mtu mzima, magoti yameisha, akishuka kwa fimbo mbili, hatua kwa hatua. Alipewa kiongozi msaidizi wa pili, kijana anaitwa Dismas, safari yake ya kwanza. Nikawapita hao mapema. Nikashuka na kikapu changu, natakiwa kufika getini kupika chakula cha mwisho kabla wageni hawajamaliza kusaini.

Nilimkuta amekaa juu ya mzigo wake, pembeni, mahali ambapo njia inapinda na mizizi imetoka nje kama ngazi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Maneno tuliyosema nayajua yote, hayakuwa mengi.

Nilimwambia, "We Aloisi! Umekaa kama mgeni!"

"Nenda."

"Umechoka?"

"Nakuja."

"Haya. Ukikuta nyama imeisha usije ukanilaumu."

Akainua mkono. Nikapita.

Ndio hivyo. Umekaa siku tano unajenga picha kichwani ya mama yako anamwacha baba yako. Picha yenyewe ni hii, na ndani yake kuna utani wa nyama. Sikumkimbia wala sikumdharau. Nilimpita kama unavyompita mtu ambaye utamwona baada ya saa moja. Kati yetu hakukuwa na ugomvi wowote. Afadhali ungekuwepo, ningesimama kumtukana, na ningemsikia anavyopumua.

Mtu wa maneno amenijibu maneno mawili. Nenda. Nakuja. Aloisi ambaye hawezi kukwambia saa bila kuanza na macheo. Nilitembea nusu saa nzima kabla kitu hicho hakijanigusa, na kiliponigusa nikakisukuma, kwa sababu jiko lilikuwa linanisubiri.

Hili ndilo ninalotaka ulibebe mwanangu, kuliko chochote kilichomo kwenye begi. Usimuulize mtu kama yuko poa. Kila mtu siku ya mwisho yuko poa. Muulize kitu ambacho lazima akieleze: mwanao wa kwanza alizaliwaje, nyumba yenu mnaingilia wapi kutoka barabarani. Asipoweza kumaliza sentensi bila kuvuta hewa katikati, huo si uchovu, hayo ni maji, na hata kama geti unaliona kwa macho yako, umelichelewa. Sikulisoma popote. Nimelilipia.

Getini nilipika. Wagumu walikuwa wameshaanza kuimba na kupiga sufuria, wageni wale watatu wanapiga picha. Nikapakua. Napakua kwa hesabu siku zote, sahani haizidi wala haipungui. Ilizidi moja. Nikaangalia huku na huku, nikasema labda yuko kwenye gari amelala.

Severini naye alikuwa anahesabu. Alikuwa anahesabu mizigo. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia dereva, "Bado mzigo mmoja haujafika." Mzigo mmoja. Nami niko hapo na sahani ya mume wangu mkononi, sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimezoea kusikia tukihesabiwa hivyo.

Halafu akatokea Dismas anakimbia, matope mpaka kiunoni, analia waziwazi kama mtoto. Alimkuta Aloisi ameinama mbele. Yule mama wa kizungu, ambaye alikuwa hawezi kutembea, alikaa chini kwenye matope, akamlaza baba yako mapajani, akamvisha koti lake, akakataa kusogea. Dismas alifungua begi lake kutafuta dawa. Lilikuwa na chupa ya maji na biskuti. Dawa zote zilikuwa huku chini kwetu, ndani ya gari, zimefungwa vizuri. Akabaki katikati ya watu wawili, hajui aende au abaki. Akaenda.

Tulipanda mbio. Mimi nilikuwa na aproni. Mtungi wa oksijeni ulipanda mlima tena, safari hii mikononi mwa watu wanne wanaopokezana, na ulipofika haukuwa na mtu wa kumsaidia. Yule mama alikuwa bado amemshika. Aliniangalia, akauliza kwa Kiingereza kama mimi ni wake. Nikamjibu ndiyo. Akanisogezea nafasi nikae, akakihamishia kichwa cha baba yako mapajani kwangu.

Watu walimbeba baba yako. Mzigo wake niliubeba mimi. Walinikataza, nikawaambia waniache. Getini kuna mizani, nikaupandisha mwenyewe mbele yao. Kilo ishirini na saba. Sheria ni ishirini, wewe unaijua vizuri zaidi. Daktari alisema mapafu yalijaa maji, alisema na siku: angeteremshwa bila mzigo siku mbili kabla, angekuwa hai.

Sasa nafika kwenye kosa langu kubwa, na utashangaa kwamba sijalifikia bado.

Tulimzika kihambani Mwika. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona, kwa sababu wagumu wana midomo, kwamba mke wake alimpita. Bibi yako hakuwa anakula. Wazee wakasema jambo hili litaleta ufa, lazima mtu apeleke jani la isale kwa mama wa marehemu aombe msamaha. Isale unalijua: ukipelekewa hukatai, na ukilipokea, neno limekwisha, halifufuliwi na yeyote. Wote wakanitazama mimi. Severini alikuwa amekaa pale na kibuyu cha mbege kati ya magoti, anatazama ardhi.

Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Nilikuwa na huzuni ya kutosha kukubali chochote. Nikakata jani, nikalifunga fundo, nikapiga magoti mbele ya Bibi yako. Nikasema nimekosa. Bibi akalipokea, akaniinua, akalia nami. Akasema, "Nimepokea. Lisisemwe tena."

Na halikusemwa. Umeelewa nilichofanya? Watu ishirini na mmoja walimpita, jani nikabeba mimi peke yangu, na kwa kulibeba nikawafunga wote midomo, na wangu nikaufunga wa kwanza. Hakuna aliyeuliza nani aliongeza lile hema. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtungi ulikuwa kwenye gari. Kama kungekuwa na kikao cha pili, kama ningesema, "Nimekosa, na huyu naye amekosa, na desturi hii ife leo," huenda ningefukuzwa kihambani siku hiyo badala ya kuondoka mwenyewe mwaka uliofuata. Lakini labda desturi ingekufa. Haikufa. Msafara uliofuata, wiki mbili baadaye, Severini alivituma vifaa mbele vilevile. Dismas aliniambia. Dismas hakupanda tena, siku hizi anaendesha bodaboda Himo, na akiniona barabarani anazima pikipiki ananiamkia kama ninamdai.

Mtu akikosa aseme amekosa, hilo silikatai. Ila angalia kipimo cha kosa lako, ubebe hilo, kilo zako, usikubali kuongezewa hema la mwenzako lililolowa kwa sababu tu umeinama tayari. Mimi niliinama, wakaongeza.

Unajua kilichofuata. Chumba kimoja mtaa wa Pasua, mimi na wewe na mifuko mitatu ya kulalia iliyochanika ambayo mgeni mmoja aliitupa. Nikaishona, nikaikodisha. Leo ninayo sitini na nne, na makoti, na fimbo, na wageni wanakuja dukani kwangu kutoka kampuni kumi na moja. Kampuni ya Severini haimo, na haitakuwamo. Watu wanasema Mama Prosper ana roho ngumu. Ni kweli. Sikupata nyingine. Nilishona nikiwa na hasira, nikakusomesha nikiwa na hasira, na nadhani hata kukufundisha kuhesabu nilikufundisha kwa hasira, maana ulikuwa unalia. Hilo nalo nisamehe, lakini si leo, leo tuna jambo lingine.

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Kweli kabisa. Hata baada ya Jumapili nilisema moyoni, acha aende, Bibi alisema lisisemwe, mimi nilipiga magoti, nitalitunza. Severini ndiye aliyelifungua lakini mimi sitalifungua.

Halafu Jumanne nikakusikia unaongea na rafiki yako kwenye simu, uani, unacheka. Ulisema, "Ba'mdogo kanipa dili, bwana. Siku ya mwisho mimi nashuka mbele na vifaa vyote, napanga gari, nawasubiri getini nimeshaoga."

Ndiyo maana naandika.

Si mtu mbaya, Severini. Nimejitahidi miaka kumi na mitano aonekane mbaya machoni pangu na hajafika huko. Anakupenda. Amekupa kazi ile kama heshima, kwa sababu una mbio na una akili ya kupanga. Hakumbuki kabisa kwamba ndiyo kazi ileile. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko kama angekuwa mbaya. Amemzika kaka yake na hakujifunza hata kitu kimoja, kwa sababu mimi nilimsaidia asijifunze.

Wiki ijayo kuna mtu atakaa juu ya mzigo wake kwenye ile njia. Simjui jina. Huenda ni mgumu wa Rombo ana watoto wawili, huenda ni mgeni, huenda hatakuwepo kabisa safari hii, akawepo ijayo. Ataulizwa kama yuko poa, atasema yuko poa, watampita. Na wewe utakuwa getini umeshaoga, mtungi uko miguuni pako. Utakapohesabu mizigo utakuta umepungua mmoja.

Mimi sikuzuii kwenda. Nilitaka kukuzuia, nimeacha. Una miguu ya baba yako, na mlima ni kazi kama kazi nyingine. Na siulizi kama unanisamehe kwa kumpita. Chukua muda wako, chukua hata miaka, nitakuwepo hapahapa Moshi.

Nauliza hivi. Kesho, kabla hamjaanza kupanda, utamwambia Severini kwamba siku ya mwisho hushuki na vifaa? Kwamba utatembea nyuma ya mtu wa mwisho kabisa, awe mgeni au mgumu, na mtungi na mfuko wa dawa viko mgongoni kwako mpaka geti? Atakucheka. Wenzako watasema umetumwa na mama. Sema ndiyo, nimetumwa. Utajiambia, "Pengine hataniita tena msimu huu." Pengine. Baba yako alijiambia hivyohivyo.

Gari linakuja saa kumi na moja alfajiri. Mimi nitakuwa jikoni tangu saa kumi. Njoo unijibu uso kwa uso, usiniandikie ujumbe kwenye simu. Ukisema "tutaona", nitaandika hapana. Ukisema "Mama usijali", nitaandika hapana. Na ikiwa ni hapana, nitapanda gari hilo pamoja nawe mpaka geti la kupandia, nimuulize Severini mimi mwenyewe mbele ya wageni wake, kwa Kiswahili na kwa Kichagga, mpaka aelewe. Unanijua kwamba nitapanda.

Utabaki nyuma, au hutabaki? Nataka jibu kabla ya saa kumi na moja.

Mama yako,
Felista